Hesabu ya Wanasalamu

Niliingia katika ulimwengu wa salamu za redio nikiwa bado shule ya msingi, kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka. Watu wazima wa Mwatate, wengi wao vibarua wa shamba la mkonge, walinunua kadi dukani, kisha wakanitafuta jioni niwajazie. Jina la mtumaji huku, sanduku la posta kule, majina ya wanaosalimiwa kwenye mistari iliyobanana, halafu wimbo na ujumbe. Kadi ilibandikwa stempu, ikapelekwa Voi, ikasafiri hadi Nairobi, na baada ya majuma mengi, wakati mtumaji mwenyewe ameshasahau alichosema, Sauti ya Kenya ikaisoma.

Kila mwanasalamu alikuwa na jina lake la redioni. Wengine walijiita kwa wanyama wakali, wengine kwa milima, wengine kwa mabasi ya masafa marefu yaliyopita barabara ya Mombasa. Wako watu niliowaandikia kadi miaka na miaka, na jina lao la kitambulisho nikalisikia mara ya kwanza likisomwa kwenye mazishi yao.

Tulikuwa na chama, na chama kilikuwa na mwenyekiti, mweka hazina na katibu. Mwenyekiti alikuwa wa heshima tu. Aliyeshika kila kitu ni katibu, fundi cherehani aliyeshonea barazani kwa mwenye duka. Daftari la chama, lile kubwa la jalada gumu, alilitunza kwenye droo ya cherehani pamoja na chaki na vifungo. Kipindi cha salamu kikianza, aliondoa miguu kwenye pedali na hakuna mteja aliyethubutu kumwuliza habari ya suruali yake. Mwanachama akitajwa, alimchorea kijiti. Vijiti vinne wima, cha tano kikavikata kwa mshazari, akaanza fungu jipya.

Sheria ya hesabu ile sijaona iliyoizidi hadi leo. Hukuhesabiwa kwa kadi ulizotuma. Ulihesabiwa kwa mara ulizotajwa na wengine. Mtu angeweza kununua bunda zima la kadi, na kama upande wa pili hakuna aliyemkumbuka, mstari wake daftarini ulibaki mtupu. Desemba, watu wakirudi likizo, katibu alisimama mbele yetu akasoma kumi bora, na wa kwanza alipewa betri za redio za kumtosha miezi kadhaa.

Kwa miaka mingi betri hizo zilikwenda kwa mama mmoja muuza samaki. Hakujua kusoma wala kuandika. Mimi ndiye niliyemwandikia, kwa hiyo najua alivyofanya. Hakuwa na kadi nyingi kuliko wenzake. Ila alisikiliza kadi za watu wengine, jambo ambalo wengi wetu hatukulifanya, maana tulikuwa tukisubiri yetu. Alikuja sokoni na majina kichwani: "Mwandikie yule baba wa Kitui aliyefiwa na mkwewe, mwambie tumesikia na tumesikitika naye. Halafu yule msichana wa Machakos aliyesema anaingia mtihani, muulize umekwendaje." Watu wa Kitui na Machakos hawakumjua sura, lakini nani asingemjibu mtu wa namna hiyo? Majibu yalipopita hewani, katibu alichora vijiti.

Kumi bora, hata hivyo, haikuwa faida kubwa ya daftari lile. Mwisho wa mwezi katibu alipitisha kidole kwenye kurasa akitafuta mistari iliyosimama. Mtu aliyekuwa na vijiti kila mwezi akinyamaziwa miezi miwili mfululizo, ina maana naye ameacha kusalimu, na mwanasalamu haachi bila sababu. Hapo aliniita nimwandikie barua ya kawaida, ya kwenye bahasha: mbona kimya, ndugu yetu? Kwa njia hiyo tulipata habari za mwanachama mmoja wa upande wa Makueni aliyeanguka kwenye machimbo ya mawe akavunjika nyonga. Chama kilichanga, na watu wawili wakapanda basi kumpelekea mchango. Yeye alikuwa akidhani hakuna anayemjua nje ya kijiji chake.

Mwaka 1989 Sauti ya Kenya ikawa KBC. Kwetu lilibadilika jina tu. Mabadiliko yenyewe yalikuja polepole, na nikiyafuatilia nyuma naona yalianzia kwenye redio za ng'ambo. Wengi wetu tulisikiliza masafa mafupi: BBC, iliyoanza Kiswahili mwaka 1957, Peking iliyofuata mwaka 1961, na Sauti ya Ujerumani kutoka Cologne tangu 1963. Stesheni zilizo mbali kiasi hicho zingejuaje kama kuna anayezisikiliza huku Taita? Kwa barua. Kila barua ilikuwa ushahidi wa sikio moja. Kwa hiyo zilihimiza vilabu vya wasikilizaji, zikaendesha mashindano ya chemsha bongo, zikatuma kalenda na picha, na aliyeandika sana alijulikana kuliko aliyeandika vizuri. Sizilaumu, zilihitaji kuhesabu. Lakini hesabu ya stesheni na hesabu ya katibu wetu hazikuwa na shabaha moja, na vijana waliojiunga na chama miaka ya tisini walikuja na ile ya stesheni. Walianza kupeana orodha za majina kwa barua: nitaje, nami nitakutaja. Mtangazaji akasoma msururu wa majina kwa pumzi moja, na ujumbe ukafupika ukawa "kazi njema". Vijiti viliongezeka. Katibu alivichora vyote, kwa sababu sheria ni sheria, lakini nilimwona akivichora bila kuinua macho.

Kisha redio za FM zikafunguliwa, kuanzia 1996 pale Nairobi, na mwaka 2000 Safaricom na Kencell wakaleta simu za mkononi kwa watu wa kawaida. Kadi ilikuwa na nafasi ya majina mengi na ujumbe wa kueleweka. Ujumbe mfupi wa simu ulikuwa na herufi 160, nafasi na nukta zikiwemo. Pole ya msiba haienei humo pamoja na majina ya wafiwa. Tena ujumbe wa kwenda redioni ulitozwa zaidi ya ule wa kawaida, na kiasi kilirudi kwa kituo. Ndipo tukaanza kusikia mtumaji bora wa wiki: aliyetuma mara nyingi zaidi, basi. Mwenye salio alishinda. Muuza samaki wetu alituma ujumbe kwa mkono wa mjukuu wake mara moja moja, lakini kumi bora ilishamtoka, na watu waliojiunga baadaye hawakujua kwamba aliwahi kuiongoza.

Siku hizi tuko kwenye kundi la WhatsApp. WhatsApp ilipoongeza kikomo cha watu katika kundi hadi 256 mwaka 2016, tulikijaza upesi, maana wanasalamu wa wilaya tulizokuwa tukizisikia tu walijileta wenyewe. Furaha ilikuwa ya kweli; nilisikia sauti za watu niliowaandikia kadi nikiwa mtoto. Kisha msimamizi, mwalimu kijana mwenye moyo wa kujituma, akaanza kutoa jedwali kila mwisho wa mwezi: jina, idadi ya ujumbe, nafasi. Wanaoshika nafasi za juu ni wale wanaotuma picha ya maua na "amkeni salama" kila alfajiri. Kurasa za Facebook za vituo vya redio nazo humpa beji ya shabiki mkuu anayechangia sana. Simu inahesabu bila kukosea, na ninachopinga mimi si hesabu bali kinachohesabiwa. Jedwali la namna hii linamtaja anayesema tu. Anayenyamaza hushuka, kisha hutoka kabisa, na hakuna anayeuliza, kwa sababu wa chini kabisa hawaorodheshwi.

Nilimpigia msimamizi nikamweleza habari ya mistari iliyosimama. Hakuwa ameisikia. Alinyamaza kidogo, akasema jambo hilo linawezekana, na mwezi uliofuata chini ya kumi bora akaweka orodha ya pili: wasioonekana. Ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza. Jina la tatu lilikuwa la mzee ambaye sote tulidhani amechoshwa na kundi. Kumbe alikuwa akimuuguza mkewe, na simu aliiuza.

Tumegawana majina, na kila wiki watu wengine wanashika zamu ya kupiga simu. Wiki hii ni zamu yangu. Wawili kwenye fungu langu hawapatikani, kwa hiyo nimewaomba wenzetu wa Kibwezi wapite nyumbani kwao.