Mbingu Hazikunyamaza



Wiki hii nimesikia maneno yale yale mara tatu. Mara ya kwanza yalitoka kwa mama mmoja baada ya maombi ya Jumatano hapa Kitengela. Mara ya pili yalikuja kwa simu kutoka Isinya, usiku. Mara ya tatu aliyasema kijana wetu aliyemaliza chuo, ambaye ametembea na vyeti vyake kwenye bahasha mpaka bahasha imechakaa. Wote watatu walisema: "Pasta, mbingu zimefungwa."

Naandika kwa ajili ya hao watatu, na kwa ajili yako wewe ambaye unayawaza lakini hujayasema.

Maneno hayo niliyasikia pia mwaka wa 2022, wakati wa ule ukame. Baba mkwe wangu ana boma nje ya mji wa Kajiado. Aliuingia ukame na ng'ombe 43. Kufikia Oktoba walibaki 11, na hao 11 walikuwa wakiinuliwa asubuhi kwa kushikwa mkia na pembe. Jioni moja nilisimama naye nje. Kule mbali na stima za mji nyota ni nyingi ajabu, na usiku ule hapakuwa na hata kipande cha wingu. Mnajua kwamba kwa Kimaasai neno Enkai ni Mungu, na neno hilo hilo ni mvua. Mzee akatazama juu kwa muda mrefu, kisha akasema, "Enkai amejifunga." Sikumhubiria. Nilisimama tu kando yake, kwa sababu kuna wakati kazi ya mchungaji ni kusimama.

Tangu usiku ule nimekuwa nikifikiria jambo moja lililotokea katika nchi hii yetu, na leo nataka niwaeleze.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilikuwa inaadhimisha miaka 7 ya uhuru. Siku hiyo hiyo, huko Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, roketi ya Marekani iliruka kutoka kwenye jukwaa la chuma lililosimama baharini. Jukwaa hilo liliitwa San Marco, na lilikuwa la Waitaliano. Roketi ilibeba setilaiti ndogo ya kuchunguza nyota. Mama aliyesimamia mradi huo katika NASA, Marjorie Townsend, alitaka kuwashukuru Wakenya waliowapokea, na kwa kuwa ilikuwa siku yetu ya uhuru, setilaiti hiyo ikaitwa Uhuru. Mpaka leo, popote duniani wanaposoma habari za nyota, wanasoma neno hilo la Kiswahili.

Uhuru ilikwenda juu kutafuta nini? Eksirei. Ndiyo, ile ile ya hospitali inayopita kwenye nyama na kuonyesha mfupa. Ni aina ya mwanga, ila macho yetu hayawezi kuuona. Na kuna vitu angani vinavyoutoa kwa wingi kupita kiasi.

Hapa ndipo nataka tuwe makini. Mwanga huo haufiki chini. Unaweza kudhani kitu kinachopita kwenye kifua cha mtu kitapita kwenye hewa bila shida. Lakini hewa iliyo juu yetu ni nyingi, uzito wake ni kama wa maji yenye kina cha mita 10. Eksirei za angani zinamezwa huko juu kabla hazijatufikia. Kwa hiyo tangu Adamu, wachungaji wa mifugo, mabaharia na manabii wametazama juu, na hakuna hata mmoja aliyeona mwanga huo. Kwa upande ule anga ilionekana kimya kabisa.

Mwaka wa 1962, mtu aliyeitwa Riccardo Giacconi na wenzake walirusha roketi iliyokaa juu ya hewa dakika chache tu. Katika dakika hizo waliona mwanga wa eksirei ukitoka upande wa kundi la nyota la Nge. Kumbe kulikuwa na kitu! Lakini dakika hazitoshi. Ilibidi kipatikane chombo cha kukaa juu na kutazama bila kuchoka. Chombo hicho kikawa Uhuru, na kikatazama mpaka Machi 1973.

Na kiliona nini? Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339 vya eksirei. Kimoja, kiitwacho Cen X-3, kinapiga kama mapigo ya moyo, pigo moja kila baada ya sekunde 4.8 hivi. Hiyo ni nyota ya nyutroni, nyota iliyojikunja mpaka uzito unaozidi wa jua letu ukaingia katika mpira wenye upana wa kilomita 20 hivi. Ungeweza kuuweka kati ya Kitengela na Isinya.

Kingine ni Cygnus X-1. Uhuru ilionyesha kwamba mwanga wake unabadilika haraka sana, haukai sawa hata sekunde moja. Wataalamu wengine wakatafuta mahali pale kwa darubini za kawaida, wakakuta nyota kubwa inayozungushwa na kitu kisichoonekana, mzunguko mmoja kwa siku 5.6. Kitu hicho kilikuwa kizito mno kuwa nyota ya nyutroni. Hilo ndilo shimo jeusi la kwanza ambalo wataalamu walikuja kukubaliana nalo. Shimo lenyewe halitoi mwanga. Eksirei zinatoka kwa gesi ya ile nyota jirani, inayovutwa na kuzunguka mpaka inapata joto la mamilioni ya digrii kabla ya kutumbukia.

Na kuna jambo jingine lililonigusa zaidi. Galaksi huishi kwa makundi, na kati ya galaksi na galaksi watu waliona giza tupu. Uhuru ikaonyesha eksirei zikitoka katika makundi hayo, na baadaye ikathibitika kwamba zinatoka kwa gesi yenye moto mkali, iliyojaa pale pale palipoonekana patupu. Gesi hiyo ina uzito kuliko nyota zote za kundi zikiwekwa pamoja. Pale tuliposema hakuna kitu, ndipo palipokuwa na vitu vingi zaidi.

Sasa mpendwa, nisikilize vizuri. Sisemi kwamba setilaiti imethibitisha Mungu yupo. Sisemi Mungu ni kama shimo jeusi. Nasema hivi: ukimya tulioupima ulikuwa ukimya wa mahali tuliposimama. Mbinguni hapakuwa kimya.

Katika 1 Wafalme 18, Eliya anamtuma mtumishi wake atazame upande wa bahari. Mara 6 anarudi na kusema hakuna kitu. Yule kijana hakuwa mwongo, wala hakukosa imani. Alieleza macho yake yalichoona. Eliya hakumkemea, alimwambia tu arudi tena. Wewe unayesema mbingu zimefungwa, sitakukemea. Umesema ulichoona.

Kuna mhubiri angeendelea hapa na kusema: hewa inayozuia eksirei ndiyo inayotulinda, basi kila ulichonyimwa ni ulinzi. Nusu ya kwanza ni kweli. Bila kinga hiyo, miale hiyo na mingine mikali ingetudhuru. Na ni kweli kuna milango ambayo Mungu aliifunga nikamshukuru baadaye. Lakini siwezi kwenda Kajiado nikamwambia mzee aliyevuta mizoga 32 kutoka kwenye boma lake kwamba huo ulikuwa ulinzi. Marafiki wa Ayubu walikuwa na maelezo mengi, na Mungu aliwakasirikia kwa maelezo yao.

Mvua ilirudi mwaka wa 2023. Sisi Wapentekoste tunapenda ushuhuda unaomalizika kwa mifugo kurudi maradufu. Huu haumaliziki hivyo. Mzee hajafikisha tena 43. Lakini kila alfajiri anatoka, anatazama juu, anaomba, kisha anafungua zizi. Nilimuuliza kwa nini anaendelea. Akajibu, "Mkwe wangu, mimi nikiacha kutazama, mvua ikija itanikuta nimelala."

Hiyo ndiyo imani ninayotaka kuwaachia leo. Si imani ya kujifanya umeona. Ni imani ya kurudi kutazama.

Mama wa Jumatano, tutarudi kuomba pamoja, na jambo lile tutaliita kwa jina lake. Dada wa Isinya, simu yangu iko wazi hata saa nane usiku. Kijana wangu, njoo ofisini Alhamisi na hizo karatasi. Tutanunua bahasha mpya, kisha tutazame pamoja ni nani kanisani tunayeweza kumpigia simu. Mtu hatazami peke yake. Hata ile setilaiti ilibebwa na wengi, Waitaliano, Wamarekani na Wakenya wa Malindi, ndipo ikafika juu.

Tuombe.

Baba, wewe huoni kama tunavyoona. Palipo patupu machoni petu, wewe unajua kilichopo. Mkumbuke aliyepoteza mifugo, mkumbuke anayetafuta kazi, mkumbuke aliyechoka kuomba. Tupe nguvu ya kurudi kutazama mara ya saba. Na wakati hatuoni, tupe ndugu wa kusimama kando yetu. Katika jina la Yesu.

Amina.

Kama kuna mtu unayemfahamu ambaye leo anasema mbingu zimefungwa, usimtumie ujumbe huu kwanza. Mpigie simu. Mtumie baadaye.