Mkate wa Genoa usiojua maziwa wala yai

MSOMAJI mpendwa, iwapo siku moja utabahatika kufika Genoa, mji wa bandari ulioko kaskazini magharibi mwa Italia, usikimbilie kutafuta hoteli. Teremka garimoshi katika stesheni ya Piazza Principe, shika begi lako vyema, kisha uingie katika kichochoro kiitwacho Via di Prè. Kutoka hapo, iache pua yako ikuongoze.

Ikiwa umewahi kutembea Mji wa Kale wa Mombasa au kule Lamu, hutajiona mgeni. Vichochoro ni vyembamba, majumba marefu yamekaribiana, na nguo zilizofuliwa zinaning'inia juu ya vichwa vya wapita njia. Mabaharia, wachuuzi na wahamiaji kutoka Afrika Magharibi wanapishana bega kwa bega. Na asubuhi mapema, kabla ya maduka mengine kufungua milango, kuna harufu moja inayotawala pale: harufu ya mkate na mafuta ya zeituni.

Mkate huo huitwa focaccia. Wenyeji, kwa lugha yao ya Kigenoa, huuita fügassa.

Utauona dirishani, umelazwa juu ya trei kubwa nyeusi. Si mrefu kama mkate wetu wa kuchanja. Ni bapa, unene wake kama sentimita mbili, na uso wake wote umejaa vishimo kana kwamba kuku wameudonoa. Ndani ya vishimo hivyo mafuta yanametameta. Muuzaji hukata kipande, hukipima kwenye mizani, hukifunga kwa karatasi, nawe unakwenda zako ukila njiani.

Usishangae ukimwona mzee aliyevalia suti akikigeuza kipande chake juu chini kabla ya kukitia kinywani. Hufanya hivyo ili upande wenye chumvi uguse ulimi kwanza. Wala usistaajabu kumwona mwingine akikichovya katika kikombe cha kahawa ya maziwa. Ndicho kiamshakinywa cha Genoa. Mila ni mila!

Kilichonipeleka dukani

Naomba nikiri jambo moja. Kazi ya uandishi ndiyo iliyonifikisha Genoa, lakini kilichonisukuma kuingia katika duka lile la mikate hakikuwa kazi. Kilikuwa ni binti yangu.

Binti yangu hawezi kula maziwa wala mayai. Tuligundua hayo akiwa na miaka minne, katika sherehe ya kuzaliwa ya mtoto wa jirani. Alimega kipande cha keki kama watoto wenzake. Muda si muda midomo ilikuwa imefura, pumzi zinapita kwa taabu, nasi tuko mbioni kuelekea hospitalini. Alipona, Mungu ashukuriwe. Lakini tangu siku hiyo kila sherehe huiendea na ndizi zake mbili ndani ya mfuko, na huketi kando akizila polepole huku wenzake wakilamba sukari vidoleni.

Mzazi ambaye ameyaona hayo hahitaji kuelezwa zaidi. Mtoto hulia kidogo kwa sababu ya njaa, lakini hulia sana kwa sababu ya kutengwa.

Kwa hivyo nilipomwuliza mama aliyekuwa akiuza mkate ule ndani yake mna nini, sikuuliza kwa udadisi tu. Alinihesabia kwa vidole vya mkono mmoja: unga, maji, mafuta ya zeituni, chumvi, hamira. Vidole vikaisha. Nilimwuliza tena, maziwa je? Mayai? Siagi? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama bahari ya Genoa ina sukari.

Mlima uliokosa malisho

Siku hizi watu wasiokula kitu chochote kitokanacho na mnyama wamekuwa wengi mijini, nao hujiita vigani. Jina hilo lilibuniwa Uingereza mwaka wa 1944. Watu wa Genoa walikuwa wakila focaccia karne nyingi kabla ya hapo, na hawakuwa na habari ya jina lolote. Walikula walichopewa na ardhi yao.

Hebu itazame ramani. Mkoa wa Liguria, ambao Genoa ndio mji wake mkuu, ni utepe mwembamba wa nchi uliopinda kama upinde. Mbele kuna bahari na nyuma kuna milima, na mahali pengi milima hiyo hushuka moja kwa moja hadi majini. Tambarare ya kulisha makundi ya ng'ombe ni haba mno. Palipo na ng'ombe wachache, siagi nayo huwa ni adimu.

Badala ya kukaa na kulalama, watu wa Liguria waliichonga milima yao ikawa ngazi. Walijenga kuta za mawe makavu, bila saruji wala chokaa, wakajaza udongo nyuma yake na kupanda mizeituni na mizabibu. Ukipanda garimoshi linalofuata pwani kuelekea mashariki hadi vijiji vitano vya Cinque Terre, utaziona ngazi hizo kwa macho yako. Shirika la UNESCO liliviingiza vijiji hivyo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 1997.

Kwa hiyo mafuta yalitoka mlimani. Ngano na chumvi zililetwa na merikebu, kwani Genoa ilikuwa dola kubwa ya wafanyabiashara wa baharini. Nayo majani ya kunukia, kama vile rozimari na salvia, huota vizuri kwenye miteremko yenye jua na mawe. Mwokaji akavikutanisha vitu hivyo vyote katika trei moja. Ndiyo sababu nasema kwamba mkate huu haukunyimwa maziwa na mtu yeyote. Haukuwahi kuyahitaji.

Hata jina lake ni la watu wa kawaida. Limetokana na neno la Kilatini "focus", maana yake ni mahali pa kuwashia moto ndani ya nyumba. Sisi tungesema mkate wa mekoni. Ulikuwa chakula cha wavuvi na makuli wa bandarini, ambao walihitaji kitu cha kushibisha, cha bei nafuu, kinacholiwa kwa mkono mmoja. Husimuliwa pia kwamba zamani watu waliupenda kiasi cha kuula hata kanisani wakati wa arusi, na walipoanza kuutafuna katika mazishi, askofu akaja juu na kuwapiga marufuku.

Uliza kabla ya kula

Lakini msomaji, usije ukadhani kila kiitwacho focaccia ni salama. Italia ni nchi ya miji mingi, na kila mji una mkate wake.

Katika mji mdogo wa Recco, safari fupi ya garimoshi kutoka Genoa, focaccia yao haina hamira kabisa. Ni karatasi mbili nyembamba za unga, na katikati ni jibini laini inayochuruzika. Ni tamu, lakini si ya binti yangu. Kwingineko wako waokaji ambao hutia mafuta ya nguruwe katika unga, jambo ambalo Mwislamu na vigani wote wawili watataka kulijua mapema. Neno la kulitambua ni "strutto". Na kama mtoto wako hudhurika kama wangu, uliza pia kama trei na kisu vimetumika kwa mkate wenye jibini. Kuuliza si ujinga.

Ukishindwa kabisa, agiza farinata. Hicho ni chapati kipana cha unga wa dengu, kama ule wa kupikia bajia, uliokorogwa kwa maji, mafuta ya zeituni na chumvi, kisha ukaokwa katika sinia kubwa la shaba ndani ya tanuri la kuni. Wenyeji husema kiligunduliwa kwa bahati mwaka wa 1284, wakati Genoa ilipoishinda Pisa katika vita vya Meloria. Eti dhoruba ilimwaga unga na mafuta ndani ya merikebu, maji ya bahari yakavichanganya, na mabaharia wenye njaa wakaanika uji ule juani. Kisa hicho ukiamini au usiamini, chakula chenyewe hakina maziwa wala yai.

Jinsi ya kuuoka nyumbani

Sasa tuingie jikoni. Niliporudi Nairobi nilifunga mikono ya shati, na mkate wangu wa kwanza ukatoka mgumu kama kigae. Kosa lilikuwa langu. Nilitumia maji ya moto nikaiua hamira. Maji yawe ya uvuguvugu, ambayo kidole chaweza kukaa ndani bila kusikia joto kali.

Chukua nusu kilo ya unga mweupe wa ngano. Katika bakuli, koroga vijiko viwili vya chai vya hamira na kimoja cha sukari katika maji ya uvuguvugu mililita 320. Yakitoa povu baada ya dakika kumi, yamimine katika unga pamoja na vijiko viwili vya chai vya chumvi na vijiko vitatu vya mezani vya mafuta ya zeituni. Mafuta haya ni ghali kwetu, nami sitakudanganya. Waweza kutumia ya alizeti ndani ya donge na kuyaweka ya zeituni kwa ajili ya juu, ambako ladha yake husikika zaidi.

Kanda kwa dakika kumi. Donge litakuwa laini na la kunata kuliko la chapati. Usiongeze unga kwa hofu. Lifunike kwa kitambaa hadi liumuke mara mbili ya ukubwa wake, yapata saa moja au zaidi kukiwa na baridi.

Paka trei mafuta, weka donge na ulitandaze kwa viganja polepole. Likikataa na kurudi nyuma, liache lipumzike dakika kumi, kisha ujaribu tena. Likishatandaa, lifunike kwa nusu saa.

Hapa ndipo penye siri ya Genoa. Changanya robo kikombe cha maji, vijiko vitatu vya mafuta ya zeituni na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Zamisha ncha za vidole vyako katika donge hadi karibu viguse trei, mstari kwa mstari, halafu mimina mchanganyiko ule juu yake. Utaona madimbwi, na utaingiwa na shaka. Usiogope! Maji yatakauka tanurini, chumvi itabaki, na vishimo vitakuwa laini huku sehemu zilizoinuka zikigeuka rangi ya dhahabu.

Majani sasa. Rozimari ni ule mmea wenye majani kama sindano ambao wakazi wengi wa Nairobi huupanda kama ua bila kujua kuwa ni kiungo. Chuma kijiti kimoja, yavuruge majani yake katika mafuta kidogo ili yasiungue, kisha uyadidimize katika vishimo. Usipoipata, katakata kitunguu chembamba ukitandaze juu. Hiyo pia ni desturi ya Genoa. Acha mkate uumuke tena dakika 40, kisha uoke katika nyuzi 220 kwa dakika 20 hadi 25.

Huna tanuri la umeme wala gesi? Tumia sufuria pana yenye kifuniko kizito, nawe upalie makaa juu na chini kama akina mama wa Pwani wafanyavyo kwa mikate yao. Makaa mengi yawe juu, machache chini. Kumbuka, jina la mkate huu lilitoka mekoni kabla ya kufika dukani.

Siku ya sherehe

Mwezi jana binti yangu alitimiza miaka minane. Hatukununua keki. Alikanda mwenyewe, akatoboa vishimo kwa vidole vyake vidogo, na akang'ang'ania kuchuma rozimari peke yake. Tuliuweka mkate mezani ukiwa moto, na chai ya rangi kando yake.

Wenzake walisitasita mwanzoni. Mmoja aliuliza kwa nini keki ina majani. Lakini kipande cha kwanza kilipoliwa, mikono ilinyooshwa kutoka pande zote za meza, na trei ikabaki na makombo. Binti yangu ndiye aliyekuwa akigawa. Nilisimama mlangoni nikamtazama, mtoto ambaye kwa miaka minne amekuwa akienda sherehe za watu na ndizi zake mbili, sasa akiamua nani apewe kipande cha pembeni chenye ukoko.

Haya basi, msomaji. Genoa ni mbali na nauli yake si haba. Lakini unga uko dukani, maji yako mferejini, na pengine ua la jirani yako ni rozimari. Mwombe kijiti kimoja, nawe umrudishie kipande.