Jiwe la Lori na Betri ya Mulwana

Nilikulia Nsambya, Kampala, na kwetu kitu kizuri ilikuwa lazima kitoke nje. Mzee wetu alikuwa dereva wa lori la Mombasa. Akirudi tulimwangalia mikono kabla ya uso: sabuni ya mche, chumvi, mara mojamoja viatu. Miaka hiyo ungeingia duka la Kampala ukakuta rafu na mwenye duka, basi. Meno tulisugulia kijiti, na neno mswaki halikuwa na maana nyingine.

Tajiri naye tulimjua kwa jina moja: mafutamingi. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi siku 90 waondoke, maduka yao wakagawiwa watu ambao wengine hawakujua hata bei ya walichokikuta rafuni. Mafutamingi wakanenepa, bidhaa zikaisha, yakabaki magendo. Kwa hiyo Mzee aliposema yuko Mganda anayetengeneza betri za magari hapa hapa mjini, nilidhani ni walewale.

Betri kwetu haikuwa jambo dogo. Ya lori ilikuwa imechoka, na kwa miezi Mzee aliliegesha juu ya mteremko, jiwe chini ya gurudumu. Alfajiri tuliamshwa kuondoa jiwe. Lori linaanza kuteremka kimyakimya gizani, sisi tumeshika pumzi, mpaka tusikie injini imeshika. Siku alipoleta betri mpya, iliyotengenezwa Uganda, aliiweka mezani kama mgeni. Mama akasema, "Baba watoto, ondoa hiyo, itanichomea kitambaa." Ikafungwa kwenye lori. Lakini wiki nzima tuliendelea kuamshwa kwa ajili ya jiwe, Mzee hakuiamini.

Mwenye kiwanda alikuwa James Mulwana, aliyezaliwa mwaka 1936. Uganda Batteries ilianza mwishoni mwa miaka ya 1960, kabla ya Amin kushika nchi. Mulwana alisafiri sana, akawa hata konsuli wa heshima wa Thailand. Mzee wetu naye alikuwa msafiri, na hapo ndipo nilipoanza kuwalinganisha, kwa utundu wa kitoto: huyu wetu husafiri akaleta sabuni, yule husafiri akaleta kiwanda.

Mswaki wa plastiki ukaingia nyumbani. Kiwanda cha Mulwana cha Ship Toothbrush ndicho watu wanachokijua zaidi kwa jina la Nice. Bibi aliujaribu mara moja, akaurudisha: "Huu hauna ladha." Akabaki na kijiti chake. Mimi nilikwenda shule ya bweni na mswaki wa Nice, kalamu ya Nice na jerikani ya Nice, na sikumbuki kama nilijiuliza vinatoka wapi. Nadhani kule kutojiuliza ndiko kulikokuwa kugeuka kwenyewe kwa fikra zetu.

Baadaye yakaja maziwa ya Jesa, kutoka shamba lake la Busunju. Jina hilo ni majina ya James na mkewe Sarah, yameunganishwa. Mama alipolisikia hilo alimgeukia Mzee: "Na wewe miaka yote hiyo, lori lako uliliandika jina la nani?" Mzee akaomba chai.

Wengi humkumbuka Mulwana kwa vyeo. Aliongoza Chama cha Wenye Viwanda miaka mingi, na maonyesho ya chama hicho pale Lugogo yalitufanya tupange foleni kutazama vitu vilivyotengenezwa na majirani zetu. Mimi namheshimu zaidi kwa kilichotokea nyumbani kwake. Matajiri wetu wengi huzikwa pamoja na maduka yao. Binti yake Barbara, mhandisi aliyesoma Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, alirudi akashika kiwanda cha plastiki, na baadaye akakiongoza chama kilekile.

Mulwana alifariki Januari 2013. Leo eneo la viwanda la Kampala lina barabara yenye jina lake. Habari ilipotangazwa redioni Mzee alikuwa ameshaacha lori zamani, anakaa barazani na blanketi magotini. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nakumbuka wiki ile ya betri mpya. Nikamwambia naikumbuka.

"Ningewaacha mlale," akasema.

Jiwe lenyewe lipo mpaka leo. Linazuia mlango wa jikoni usijifunge kwa upepo.