Ruzuku na Riziki

Neno ruzuku limetoka tumbo moja na riziki. Wazee walisema Mungu humruzuku mja wake, wakakusudia chakula, mavazi na uzima. Siku hizi twasema serikali imetoa ruzuku, tukakusudia fedha za hazina zilizopewa kazi isiyoweza kujimudu. Mimi si mhunzi wala mwanauchumi. Nafundisha lugha, na mtu wa lugha hupenda kuuliza kama neno bado lamjua nduguye.

Niliuliza hivyo nilipofuata habari za Port Talbot, mji wa pwani ya Wales ulioishi kwa chuma cha pua, feleji ya wazee wetu. Septemba 2023 serikali ya Uingereza iliahidi kuipa kampuni ya Tata Steel pauni milioni 500, nayo kampuni itie milioni 750, ili matanuri mawili ya makaa ya mawe yaondolewe na lijengwe moja la umeme. La umeme huyeyusha vyuma chakavu; moshi wake ni haba, na watu linaowahitaji ni haba pia. Matanuri ya kale yalizimwa mwaka 2024, la kwanza Julai, la pili tarehe 30 Septemba, na kazi zipatazo 2,800 zikahesabiwa kuwa zitapotea. Serikali ilisema fedha zile zitaokoa kazi nyingine zaidi ya 5,000. Hoja hiyo si ya kudharauliwa: matanuri yalikuwa yakileta hasara, na mlipa kodi si kisima kisichokauka.

Walakini mwanafunzi wangu mmoja aliitazama hesabu akauliza: kwa tanuri milioni 500, na kwa watu je? Mbali na kiinua mgongo cha kampuni, watu na mji wao walitengewa mfuko wa milioni 100: 80 za serikali, 20 za kampuni.

Mwaka 2025 hali ilikuwa nyingine huko Scunthorpe, Uingereza ya mashariki. Jumamosi, tarehe 12 Aprili, Bunge liliitwa kutoka likizoni likapitisha sheria kwa siku moja, ili matanuri yaliyomilikiwa na kampuni ya Kichina, Jingye, yasizimwe. Tanuri la namna ile likipoa, chuma huganda ndani yake, na kuliwasha tena ni taabu kubwa. Moto ukabaki, na wafanyakazi wakabaki kando yake. Wenye kiwanda walikuwa wamesema wapoteza pauni 700,000 kila siku. Ni ghali mno, wala sidhani yawezekana daima; lakini huko naona ruzuku ilimkumbuka nduguye.

Port Talbot ujenzi wa tanuri jipya ulianza Julai 2025, nalo halikutazamiwa kuwaka kabla ya mwisho wa 2027. Katika muda huo mitambo ya mabamba ilipewa chuma kilicholetwa kwa meli kutoka ng'ambo. Mtu wa miaka hamsini, aliyezoea kuchunga moto, alipaswa kungoja, au kuhama, au kuketi darasani pamoja na vijana wa umri wa mwanawe.