Berlin kwa euro 200, na nilivyoikuta Kau huko

Najua niliahidi kumalizia somo la hifadhidata, na wengine mmeniandikia kuuliza kama nimehama nchi. Sijahama. Nilikuwa safarini, na niliporudi nikapanda juu ya paa la nyanya yangu kupigilia mabati. Mambo hayo mawili yanahusiana, kama mtakavyoona. Hifadhidata itangoja wiki moja zaidi.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni mtengenezaji wa programu, nilisomea sayansi ya kompyuta, kazi yangu iko Mombasa, lakini kwetu ni Kau. Usijilaumu kama hupajui. Ukitoka Kipini ukapanda na mto Ozi kuelekea bara, utafika. Ni kijiji cha miembe, mpunga na mikoko, na siku hizi maji ya chumvi yanapanda mtoni mpaka mashambani. Nilipokuwa mdogo nyanya alizoea kutuambia kwamba Kau ulikuwa mji, tena mji wa bandari, majahazi yakija kuchukua pembe za ndovu, na wakubwa wakiugombania. Tulikuwa tukicheka. Mji gani usio na hata duka la soda baridi?

Mafuriko ya Novemba 2023, na yale ya Aprili na Mei 2024, yaliangusha ukuta wa nyuma wa nyumba yake, na makuti yakaoza. Binamu zangu waliusimamisha ukuta. Mabati yalikuwa juu yangu, na kufikia Oktoba 2024 yalibaki tisa. Bati moja lilikuwa kama shilingi 1,000, yaani euro 7 hivi, kwa kuwa euro moja wakati huo ilikuwa yapata shilingi 140. Shikeni hesabu hiyo, maana kule Berlin kila kitu nilikipima kwa mabati.

Nilifikaje Berlin? Nilialikwa kwenye warsha ya siku mbili ya watengenezaji wa programu huria. Wenyeji walilipa ndege, viza na chumba mpaka Jumamosi. (Ada ya viza ya Schengen ilipanda Juni 2024 kutoka euro 80 hadi 90. Ukipanga safari, weka hilo na bima kwenye bajeti kabla hujafikiria kitu kingine.) Nikaomba tiketi ya kurudi iwe ya Jumatano. Siku hizo za nyongeza zilikuwa zangu, peke yangu, na nilikuwa na euro 200 taslimu. Mpango: kitanda cha hosteli, chumba cha watu wanane, euro 22 kwa usiku mara nne, jumla 88. Chakula 20. Usafiri na kiingilio kimoja cha makumbusho, 26. Zinabaki 66, yaani mabati tisa na chenji. Nilijiona fundi wa hesabu!

Nyanya alitaka nibebe maembe. Nikamweleza kwamba Ulaya hawaruhusu matunda kuingia bila cheti cha afya ya mimea, ila machache kama ndizi, nanasi, nazi na tende. Akanifungia kilo mbili za tende. Wasomaji, tende hizo ndizo zilizoniokoa, kwa sababu hakuna aliyeniambia kwamba Ujerumani karibu maduka yote hufungwa Jumapili. Asubuhi yangu ya kwanza nikiwa huru, nilikunywa chai ya tende na maji ya bomba. (Maji ya bomba kule yananyweka. Usinunue maji.)

Sasa sikilizeni kituko. Jumapili hiyo hiyo nilinunua tiketi kwenye mashine, nikaiweka mfukoni vizuri, nikapanda treni. Stesheni zao hazina malango. Hakuna anayekuzuia, unaingia tu. Vituo viwili mbele, vijana wawili waliovaa kama mimi na wewe wakasimama, wakatoa vitambulisho. Nikatoa tiketi kwa kujiamini. Kumbe tiketi ya karatasi ni lazima uigonge muhuri kwenye kisanduku kilichoko jukwaani kabla ya kupanda. Tiketi isiyo na muhuri ni sawa na kutokuwa nayo. Faini: euro 60.

Nilijieleza mpaka nikachoka. Mmoja alinisikiliza kwa upole, kisha akanionyesha maandishi kwenye tiketi. Yalikuwepo kweli. Kosa ni langu. Ni mara ngapi nimewacheka watumiaji wa programu zangu kwa kutosoma maelezo? Siku hiyo nilikuwa mtumiaji. Mabati manane yakaenda hivyo hivyo, kwa kukosa kugonga muhuri.

Nikashuka kituo kilichofuata na kuapa kwamba hadi siku ya kuondoka nitakwenda kwa miguu. Nilikaa kwenye benchi kitambo. Nitasema ukweli, nilitamani kurudi hosteli, nijifunike nilale mpaka Jumatano. Kuwa peke yako mji wa watu si shida unapokuwa na raha. Shida ni pale unapokosea na hakuna wa kumwambia. Lakini kulala nako kulikuwa na gharama ileile. Nikafungua ramani kwenye simu, ile niliyoipakua nyumbani mapema mwaka huo ili nisitumie data, nikaanza kutembea.

Na hapa ndipo safari ilipogeuka. Mwenye fedha angepanda basi la watalii. Mimi niliyebaki na miguu nilikwenda kwenye vitu vya bure vilivyoko barabarani, na vitu hivyo ndivyo vilivyokuwa na habari zetu.

Nilianza na Wilhelmstraße, si mbali na lile lango la Brandenburg mnaloliona kwenye picha. Hapo nambari 77 ya zamani palikuwa na jumba la Bismarck, ambamo ule mkutano wa Berlin wa kugawana Afrika ulifanyika kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885. Jumba halipo. Leo kuna nyumba za ghorofa zilizojengwa zama za Ujerumani Mashariki, na kibao cha kumbukumbu kando ya njia. Watu wanapita na mbwa wao.

Nilisimama pale nikatafuta kwenye simu kilichofuata baada ya mkutano, nikijua kwamba jirani zetu wa Witu walipitia mikononi mwa Wajerumani. Mwaka 1885 ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt, walipatana na Sultani Ahmed wa Witu, aliyeitwa Simba, na Ujerumani ikaiweka Witu chini ya ulinzi wake. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani wakaandikiana kukubaliana ukanda wa pwani wa Sultani wa Zanzibar uishie wapi: kina cha maili kumi za bahari kuelekea bara, kutoka mto Minengani kule kusini hadi Kipini. Kisha nikasoma sentensi fupi iliyofuata. Inasema mpaka wa kaskazini unaijumuisha Kau.

Nikaisoma tena. Si Witu, si Lamu. Kau! Mabwana wa London na Berlin, ambao sidhani walijua harufu ya tope la Ozi, walilazimika kuiandika Kau kwa jina, ili isije ikagombaniwa na Witu. Mtu haandiki jina la kijiji kwenye makubaliano ya madola kama kijiji hicho si kitu. Miaka minne baadaye, tarehe 1 Julai 1890, makubaliano mengine yakatiwa saini papo hapo Berlin: Ujerumani ikajitoa Witu na kuwaachia Waingereza, na upande wake ikapata kisiwa kidogo cha Heligoland. Nyanya hakusoma hata mstari mmoja wa makaratasi hayo. Alikuwa na habari yenyewe.

Jumatatu nilipanda kaskazini kwa miguu. Makumbusho mengi hufungwa siku hiyo, lakini barabara haifungwi. Mbele ya nyumba nambari 193, Brunnenstraße, kuna kijiwe cha shaba nyeusi-njano kilichozikwa kwenye njia ya waendao kwa miguu. Ni cha Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1904. Alikuwa askari wa Wajerumani akiwa bado mtoto, katika vita vya kwanza. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara yake na ya baba yake. Hakulipwa. Akabaki, akawa mhudumu wa mkahawa, akaigiza kwenye filamu, akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Mwaka 1941 utawala wa Nazi ulimkamata kwa sababu ya uhusiano na mwanamke Mjerumani, na akafa kwenye kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Alikwenda kudai haki yake kwenye mji huu huu, na mimi jana yake nilikuwa nalia kwa euro 60. Nilichuchumaa, nikakipangusa kwa mkono wa shati.

Kutoka hapo ni mwendo mrefu hadi Wedding, kwenye kile wanachokiita Mtaa wa Kiafrika. Utakuta barabara ya Togo, ya Kameruni, ya Uganda, hata Sansibarstraße. Simu yangu ikaniambia niko Petersallee. Nikainua macho kwenye kibao: Maji-Maji-Allee. Nikadhani nimepotea. Sikupotea. Ramani yangu ndiyo iliyochakaa! Barabara ile ilipewa jina la Carl Peters mwaka 1939, yule aliyeitwa Mkono wa Damu. Mwaka 1986, baada ya malalamiko, wakuu wa mji walitangaza kwamba kuanzia sasa Peters anayekusudiwa ni mwingine, Hans Peters, mwanasheria. Jina likabaki lilelile. Watengenezaji wa programu wenzangu mtaelewa: walibadilisha maelezo pembeni bila kugusa programu yenyewe, kisha wakasema hitilafu imetengenezwa. Ilichukua hadi Agosti 2024 kuitengeneza kweli. Sehemu moja sasa ni Anna-Mungunda-Allee, kwa mwanamke mpigania haki wa Namibia, na nyingine ni Maji-Maji-Allee, kwa vita vya 1905 hadi 1907. Maneno ya Kiswahili juu ya nguzo ya Berlin, na mimi hapa chini na chapati baridi mkononi. Hakuna aliyenilipisha.

Jumanne nilitoa kiingilio changu kimoja, makumbusho ya viumbe ya Invalidenstraße. Pale anasimama mjusi mkubwa wa kale, kimo chake zaidi ya mita 13, na mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913. Watoto wa shule walikuwa wamelala chali sakafuni ili wamwone kichwa. Nami nikalala.

Jambo moja la teknolojia kabla sijamaliza. Kule chupa tupu ni fedha. Unaiingiza kwenye mashine dukani, inasoma alama za mistari, inakupa risiti: senti 25 kwa chupa ya plastiki, senti 8 kwa nyingi za bia. Watu huacha chupa kando ya mapipa ya taka ili wenye shida waziokote. Baada ya ile faini nilipiga hesabu, chupa 28 ni bati moja, na jioni moja niliinama kuokota. Mkono mwingine ukafika pamoja na wangu, mzee wa Kijerumani mwenye mfuko mkubwa. Tukatazamana. Nikamwachia, naye akainamisha kichwa kidogo. Sikuokota tena.

Nilirudi na euro 9. Mabati manane yaliyobaki niliyapata kwa kazi za usiku, tovuti mbili ndogo, na Desemba tukapiga paa. Nikiwa juu na nyundo nilimhadithia nyanya yote, amekaa jamvini chini ya mwembe. Nilipofika kwenye sentensi ya Kau nilishuka, nikamwonyesha kwenye simu. Hakuitazama.

“Kwa hiyo mjukuu wangu umekwenda mpaka Ulaya, umelipa faini, ili uambiwe nililokwambia hapa hapa?”

“Ndiyo, nyanya.”

“Haya. Na wao huko, wanajua kama bado tupo?”

Nilifungua OpenStreetMap, ramani ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri, nikatafuta kwetu. Jina tu, na mto, na weupe. Tangu hapo kila nikienda nyumbani nachora kidogo: msikiti, shule, gati, njia ya mashambani, mahali ambapo chumvi imefika. Nyanya ndiye anayenitajia majina ya sehemu, nami naandika. Kwenye kijiji chako pakiwa peupe vilevile, niandikie, wiki ijayo, kabla ya hifadhidata (samahani tena!), nitaonyesha hatua kwa hatua jinsi ya kuanza. Simu ya kawaida inatosha.

Na ukifika Berlin, gonga muhuri tiketi yako.