Treni Haisimami Tena Mackinnon Road

Mackinnon Road haikuwa na sababu ya kuwa mji. Mto hakuna, mvua ni ya kubahatisha, na nyika ya Taru iliwatisha hata wenye misafara ya zamani. Kilichotuweka pale ni treni, nayo ilisimama kwa kulazimika: reli ni njia moja tu, na treni ipandayo bara haiwezi kupishana na iteremkayo pwani ila penye stesheni. Ulazima huo ndio uliotulisha.

Jina ni la Sir William Mackinnon, mwenye ile kampuni ya Kiingereza iliyoitawala nchi kabla ya serikali ya kikoloni. Njia yake ya mikokoteni ya ng'ombe ilipita hapa kabla ya reli. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi 1899, kwa hiyo treni zilikuwa zikipita kwetu siku ambazo Nairobi ilikuwa bado kinamasi.

Baba alikuwa mtu wa gengi, wale wa kukaza reli na kubadilisha mataruma, na sisi watoto tulikulia kwenye landi za reli miaka ya sitini. Injini tulizijua kwa majina. Zile Garratt kubwa, zilizotengenezwa Manchester, zilikuwa 34, rangi ya damu ya mzee, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Moja ilikuwa na uzito wa tani zaidi ya 250. Ilipoingia stesheni, vikombe vya mama vililia kabatini. Tulibishana nani kaiona Mount Kilimanjaro na nani kaikosa, na ubishi huo uliweza kufika ngumi.

Treni ya abiria iliyoondoka Mombasa saa moja jioni ilitufikia usiku. Ikipangwa kupisha ya kutoka bara, sote tulikuwa tayari na taa za chemni na vya kuuza: mayai ya kuchemsha, mahindi ya kuchoma, chai, maziwa yaliyoganda kwenye vibuyu. Daraja la kwanza hatukujisumbua nalo. Wale walikuwa wameshakula kwenye behewa la chakula, vitambaa vyeupe mezani. Wateja wetu walikuwa daraja la tatu, wenye kutoa mikono madirishani na kuomba wapunguziwe. Chenji ndiyo iliyokuwa kazi, maana treni ikishapiga honi huna tena mteja. Kuna waliopotezewa mayai kwa njia hiyo, na kuna, tuseme ukweli, abiria waliopotezewa chenji.

Madereva walikuwa na heshima yao ya pekee pale. Karibu na reli pana msikiti wenye kaburi la Seyyid Baghali Shah, Mpunjabi aliyefanya kazi ya kuijenga reli hii. Wazee husimulia kwamba karai lake la mchanga lilielea juu ya kichwa bila kukigusa. Treni zilipunguza mwendo na kupiga honi zikipita, na hadi leo madereva wa malori husimama kutoa sadaka. Asiyeamini na asitoe. Lakini sijamwona dereva wa masafa marefu anayelifanyia kaburi lile mzaha.

Baba alituhadithia mengine kwa sauti ya chini zaidi. Baada ya Vita vya Pili Waingereza walitaka kuifanya Mackinnon Road ghala kuu la jeshi lao. Treni zikamwaga vifaa, wakajenga, kisha wakaacha. Majengo hayakukaa bure muda mrefu: mwaka 1954, baada ya msako mkubwa wa Nairobi, watu walioshukiwa kuwa Mau Mau waliletwa hapa kwa mabehewa na kufungwa. Stesheni iliyotulisha sisi iliwapokea wao kwa pingu. Hakuna kibao kinachosema hivyo, na nadhani kingefaa kuwekwa.

Garratt ziliondoka mwishoni mwa miaka ya sabini, dizeli zikashika njia. Tulifurahi, hakuna moshi wa kuchafua nguo kambani. Kisha mabasi yakaanza kufika Mombasa kabla treni haijamaliza kupishana. Maduka yakageuka, yakaipa reli mgongo na kuielekea barabara kuu. Mchuuzi hufuata mguu wa mteja. Treni ya zamani ya abiria kati ya Nairobi na Mombasa ilikoma mwaka 2017, lakini kwetu ilikuwa imeshakoma zamani katika hesabu za mifuko.

Mwaka huo huo, tarehe 31 Mei, Madaraka Express ilizinduliwa juu ya reli mpya ya kilomita 472. Ni treni nzuri, sina la kuikosoa kwa mwendo wala usafi. Ila inapita kwenye tuta nyuma ya seng'enge, na vituo vyake vya karibu nasi ni Mariakani upande wa pwani na Miasenyi upande wa Taita. Mtu wa Mackinnon Road anayetaka kwenda Mombasa kwa treni hupanda matatu hadi Mariakani. Na akishafika Mariakani, huona heri aendelee na matatu ile ile.