Paundi Tano za Frank Whittle

Bwana Mhariri ameniomba niandike juu ya mtu nimpendaye katika elimu ya mashine. Sikuhitaji kufikiri sana. Nitawaandikieni habari za Frank Whittle, Mwingereza aliyebuni injini ya jeti. Lakini kwanza niseme jinsi nilivyomfahamu, maana hakuja kwangu kwa njia ya somo la fizikia, bali kwa njia ya babu yangu.

Babu, ambaye nyumbani twamwita Jajja, alikuwa mtoto mchunga mbuzi karibu na Entebbe mwaka 1952. Mwezi wa Mei mwaka ule ndege iitwayo Comet, jeti ya kwanza duniani kuchukua abiria kwa safari za kawaida, ilianza kwenda London hadi Johannesburg, na Entebbe ilikuwa kituo chake kimoja njiani. Jajja asema kilichowashangaza watoto si ukubwa wake, ila ni kule kukosa panga mbele. “Mjukuu wangu,” huniambia, “ndege tulizozizoea zilikata hewa kwa panga. Hii ilipiga mluzi tu. Tukaulizana, yavutwa na nini?” Swali hilo ndilo alilonirithisha.

Jibu lake ni kwamba haivutwi, yasukumwa. Injini huvuta hewa kwa mbele, huishindilia sana, kisha hutia mafuta na kuyachoma mfululizo. Hewa ile ya moto hutoka nyuma kwa nguvu, na ndege hurushwa mbele kama puto lililoachiwa mdomo wazi. Ila kabla ya kutoka, hewa hiyo huzungusha gurudumu lenye mapezi, na gurudumu hilo ndilo lizungushalo mashine ya mbele ishindiliayo hewa. Basi injini yajilisha yenyewe! Siku nilipoielewa nilicheka peke yangu maktabani mpaka nikatolewa nje.

Whittle alizaliwa Coventry mwaka 1907, baba yake akiwa fundi wa mashine. Mwaka 1923 alifaulu mtihani wa kuingia jeshi la anga kama mwanafunzi wa ufundi, lakini daktari akamkataa kwa kuwa kimo chake kilikuwa futi tano tu. Akafanya mazoezi ya mwili kwa bidii, akarefuka. Akaambiwa kwamba aliyekwisha kukataliwa hapokewi tena. Basi akaomba upya kana kwamba hajawahi kuomba, akapokewa Cranwell. Sijui mwalimu wetu wa nidhamu atasemaje juu ya hilo; mimi, niketiye safu ya mbele katika kila picha ya darasa, sina neno.

Alipokuwa na miaka 21 aliandika insha ya kusema kwamba ndege za siku zijazo zitaruka juu sana, mahali penye hewa nyepesi, kwa mwendo wa maili 500 kwa saa na zaidi. Mwaka uliofuata akapata wazo la injini yenyewe. Wizara ya anga ikampa mtaalamu wake, Griffith, aipime. Griffith akaona kosa katika hesabu, akasema jambo hili haliwezekani. Watu wengi humlaumu. Mimi simlaumu sana, maana kosa kweli lilikuwapo, na chuma cha siku zile kilikuwa hakivumilii joto na mzunguko wa namna ile. Whittle hakungoja, mwezi wa Januari 1930 akaomba hati ya kulinda uvumbuzi wake.

Sasa nimefika pale ninapotaka kufika. Mwaka 1935 hati ile ilipaswa kufanywa upya kwa ada ya paundi tano. Whittle hakuwa nazo. Akaiuliza wizara, wizara nayo ikakataa kulipa. Hati ikafa. Paundi tano!

Nilipousoma ukurasa ule nilifunga kitabu. Wengi wenu mwajua kwamba nina miaka kumi na tisa na hapa nimeketi na wenye kumi na saba. Katika shule niliyokuwa kwanza nilirudishwa nyumbani katikati ya muhula kwa sababu ya salio la karo. Salio lenyewe halikuwa kubwa, lakini kwetu halikuwapo. Nilifyatua matofali mwaka mzima, na wa pili nusu yake. Nikiwa topeni nilidhani kwamba mtu mwenye akili kweli hawezi kuzuiwa na fedha ndogo, kwa hiyo huenda mimi sina akili. Whittle ndiye aliyenitoa katika wazo hilo.

Yeye alitolewa na rafiki zake wawili waliokuwa wametoka jeshini, Williams na Tinling, wakatafuta fedha, na kampuni ya Power Jets ikaanza mwaka 1936. Tarehe 12 Aprili 1937, mjini Rugby, injini ikawashwa. Ikapandisha mwendo yenyewe, ikilia vibaya, wala haikusikia hata mafuta yalipofungwa. Watu wakakimbia; mafuta yalikuwa yamevuja na kutuama ndani.

Katika kuruka, Wajerumani walitangulia: ndege yenye injini ya Hans von Ohain iliruka tarehe 27 Agosti 1939. Ya Whittle iliruka tarehe 15 Mei 1941, dakika 17, palepale Cranwell alipopokewa yule kijana mfupi. Mwaka 1944 serikali ikaichukua kampuni. Mwaka 1948 ikampa paundi 100,000 na cheo cha Sir. Alifariki Marekani mwaka 1996. Yeye na Ohain walikuwa wamekuwa marafiki.

Likizo iliyopita nilimsimulia Jajja habari hizi zote, maana ndiye aliyeuza ng'ombe wake ili nirudi shuleni. Ya injini aliyasikiliza kwa adabu. Nilipofika kwenye paundi tano alinikatiza.

“Yule mtu,” akauliza, “hakuwa na babu?”